Uwanja wa mtaa, msitu wa kijiji: nani apewe nguvu juu ya ardhi ya wazi?

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mikindani. Kiwanja ambacho watoto wa mtaa wetu wamecheza mpira tangu mimi mwenyewe nikiwa mdogo kimewekwa alama za rangi nyekundu, na tunasikia kitakatwa viwanja vya kujenga. Mdogo wangu anayesoma California ananiambia kule kuna mamlaka ya kanda inayonunua ardhi na kuiacha wazi siku zote, na kwamba watu wanajadili kuiongezea nguvu. Je, sisi wa Mtwara na Lindi tuombe chombo kama hicho, chenye nguvu ya kutwaa ardhi kwa ajili ya viwanja, fukwe na misitu? Au tutakuwa tunajitafutia balaa?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na lile la mwisho. Mkiomba chombo chenye nguvu ya kutwaa, mnajitafutia balaa. Mkiomba chombo chenye nguvu ya kushika, kikishashika kisiweze kuachia bila ninyi kuridhia, hapo mnaomba jambo la maana kabisa. Watu huzichanganya nguvu hizi mbili, na kuchanganya huko ndiko kulikonifanya nikuandikie barua ndefu kuliko ulivyoomba.

Tuanze na California ya mdogo wako. Vyombo vya aina hiyo kule viko kadhaa. Ninaoufahamu zaidi unaitwa Midpeninsula Regional Open Space District, kusini mwa jiji la San Francisco. Wananchi wenyewe waliuanzisha kwa kura mwaka 1972, wakati bonde la Santa Clara lililokuwa mashamba ya matunda lilipokuwa linamezwa na nyumba na viwanda vya kompyuta. Mwaka 1976 eneo lake likaongezwa hadi kaunti (wilaya) ya jirani ya San Mateo. Unaendeshwa kwa kipande cha kodi ya majengo na ardhi, na mwaka 2014 wapiga kura waliukubalia kukopa hadi dola milioni 300 kwa hati fungani. Leo umehifadhi zaidi ya ekari 70,000: vilima, misitu na malisho, na sehemu kubwa mtu yeyote anaingia kutembea.

Mambo mawili kuhusu chombo hicho ningependa uyashike, kwa sababu huwa hayasimuliwi. La kwanza ni kilichotokea mwaka 2004, kilipopanua eneo lake hadi pwani ya bahari ya Pasifiki. Wakulima wa pwani waliingiwa na hofu ileile ambayo ingempata mkulima wa Nanguruwe au Mchinga: leo wanasema hifadhi, kesho shamba langu limekwenda. Upanuzi ule ulikubalika baada ya chombo chenyewe kujifunga kwamba katika eneo hilo jipya hakitamchukulia mtu ardhi kwa lazima. Kitanunua kwa anayetaka kuuza, basi. Kwa hiyo eneo lilipanuka, ila nguvu ya kutwaa haikufuatana nalo.

La pili ni kubwa zaidi. Sheria ya jimbo inasema ardhi ikishatengwa rasmi kuwa hifadhi au eneo la wazi, chombo hicho hakiwezi kuiuza wala kuitoa bila ridhaa ya wapiga kura walio wengi wa eneo lake. Bodi haiwezi peke yake, mkurugenzi ndiyo kabisa. Hiyo ndiyo nguzo ya nyumba nzima. Fedha na kodi vinawasaidia kupata ardhi, lakini kinachoifanya iendelee kuwa wazi baada ya miaka 50 ni huko kufungwa mikono.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu nguvu ya kutwaa haijawahi kupungua. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inampa mamlaka ya kutwaa eneo lolote kwa manufaa ya umma. Ukitafuta nguvu zaidi ya hiyo huipati. Kinachopungua ni fedha ya kulipa na subira ya kulipa kwa wakati.

Sheria za fidia, ukizisoma, ni nzuri. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia iliyo kamili, ya haki na ya haraka: thamani ya soko ya mali, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, hasara ya faida au makazi, na riba malipo yakichelewa. Sheria ya Uthamini ya 2016 ikaongeza kwamba uthamini usiolipwa ndani ya miaka miwili unakufa, unarudiwa upya. Lakini angalia Likong'o, hapo nje ya mji wa Lindi, palipotengwa zaidi ya hekta 2,000 kwa ajili ya mradi wa kuchakata gesi asilia. Eneo lilitengwa miaka ya katikati ya 2010, na fidia ikaanza kulipwa mwaka 2020. Na huo ni mradi mkubwa wa taifa, unaofuatiliwa na kila mtu. Fikiria chombo kidogo cha mkoa kinachotaka kuhifadhi kichaka chenye chemchemi, fedha yake ikitegemea bajeti ya mwaka.

Madhara ya kusubiri nimeyaona kwa macho, tena si kwenye makaratasi. Niliwahi kufika kwa mzee mmoja, sitataja kijiji wala waliochelewa kumlipa, ambaye shamba lake lilishathaminiwa. Ilikuwa mwezi wa saba, mikorosho ya majirani imechanua na watu wako shambani na mashine mgongoni, vumbi la salfa linaelea juu ya miti kama ukungu. Shamba lake yeye lilikuwa kimya. Maua yalikuwa yameshaanza kushika ugonjwa wa ubwiri unga, ule weupe ukiupangusa kwa kidole unabaki kidoleni. Nikamuuliza mbona hapulizi. Akasema, "Mwanangu, nitanunuaje salfa ya shamba ambalo sijui kama mnada wa mwaka huu utanikuta ndani yake?" Shamba lilikuwa bado lake kisheria. Hakuna aliyemkataza kulihudumia. Lakini neno "linachukuliwa" lilitosha kuliua misimu mitatu kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Ndiyo maana nasema msiombe nguvu hiyo kwa nia njema, kwa sababu ikishakuwepo haibagui nia. Chombo kinachoweza kumnyang'anya mkulima shamba leo kwa ajili ya msitu kinaweza kesho kuugawa msitu kwa ajili ya kitu kingine, kama hakuna aliyekifunga mikono.

Je, kwetu kuna aliyefungwa mikono kwa namna ile ya California? Yupo, na wengi hawamjui. Ni kijiji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inakipa kijiji kitu ambacho mtaa wa mjini hauna. Halmashauri ya kijiji inapendekeza sehemu ya ardhi iwe ya jumuiya, yaani ya matumizi ya wote, na mkutano mkuu wa kijiji, wale watu wazima wote wanaokaa chini ya mwembe, ndio wanaopitisha. Ikishapitishwa inaingia kwenye daftari la ardhi ya jumuiya na haigawiwi kwa mtu mmoja mmoja. Hata serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji iende matumizi mengine, eneo likiwa hekta 250 au chini ya hapo, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi unakuwa wa waziri, ingawa kijiji lazima kisikilizwe. Na kabla ya kuhamisha, fidia iwe imekubaliwa: kiasi gani, kwa njia gani, lini.

Ongeza hapo Sheria ya Misitu ya 2002, inayoruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi, kutunga sheria ndogo, kulinda, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Lindi imekuwa shule ya nchi nzima katika hili. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa mwaka 2009 vilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wananchi wenyewe. Mti uliowafikisha huko ni mpingo, huu huu ambao Wamakonde wanauchonga na ambao Ulaya wanatengenezea klarineti na zumari. Nanjirinji wametenga msitu unaopita hekta 60,000. Angai, kule Liwale, ni karibu hekta 140,000 za msitu wa vijiji kadhaa vilivyokaa pamoja. Ukubwa huo, mwalimu, unazishinda zile ekari zote za California, na haukuhitaji chombo chenye nguvu ya kutwaa.

Nikupe picha ya jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu ukiisoma kwenye sheria inaonekana kavu. Tulikuwa kijiji kimoja wilayani Ruangwa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Ramani ya kwanza hatuchori kwenye karatasi. Watu wanafagia uwanja na kuchora chini: majivu ndiyo barabara, majani mabichi ndiyo msitu, korosho mbichi ndizo nyumba, kamba ya mkonge ndiyo mto. Vijana walikuwa wameshapanga, wameweka mashamba ya ufuta hadi ukingoni mwa mto. Bibi mmoja aliyekuwa kimya asubuhi yote akasimama, akaingia katikati ya ramani peku, akainama na kusogeza kamba kwa mkono. "Mto haupiti hapo. Unapita hapa. Na hapa mlipopanda ufuta ndipo tunapochota mwezi wa kumi, visima vyote vikikauka." Ubishi ukawa mkubwa. Mchana majani yalikuwa yamerudi ukingoni na ufuta umesogea juu. Nilipokuja na GPS siku iliyofuata nilikuwa napima tu kile ambacho wameshakubaliana.

Sisemi vijijini ni peponi. Bei ya ufuta ikipanda, moto unaingia msituni, na msitu uliofyekwa mwaka huu kwa ufuta unaachwa baada ya misimu michache, wanahamia mwingine. Kijiji kikigawanyika kuwa viwili, mpaka wa msitu unaanza kugombaniwa upya. Tangu mifugo ilipohamishwa kwa wingi kutoka Usangu, mkoani Mbeya, kwenye miaka ya 2006 na 2007 na mingine kuletwa Lindi, vijiji visivyokuwa na mpango wa matumizi vilijikuta havina pa kumwonyesha mfugaji wala pa kumkataza, na vyote viwili vinaleta ugomvi. Kamati ya maliasili isiyo na buti wala baiskeli hailindi hekta elfu kumi. Lakini haya ni matatizo ya kuongezewa fedha na vifaa. Hayadai kuongezewa mabavu.

Sasa kiwanja chako. Hapa ndipo penye uchungu: kijiji cha Nanjirinji kina nguvu ya kisheria juu ya msitu wake kuliko mtaa wenu ulivyo nayo juu ya uwanja wa mpira. Mikindani iko ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Mkutano wa mtaa si mkutano mkuu wa kijiji. Unaweza kushauri, kulalamika na kuandika, ila haugawi ardhi na hauzuii kugawiwa. Mwenye mamlaka ya kupanga ni halmashauri ya manispaa, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Na mkoa, kwa mfumo wetu tangu Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, ni mratibu na mshauri wa halmashauri. Kuna Kamishna Msaidizi wa Ardhi katika kila mkoa tangu 2020, na hilo limepunguza safari za kwenda mbali kufuatilia hati, lakini yule ni mtumishi wa wizara. Kazi yake si kulinda viwanja vya watoto.

Kwa hiyo pengo mliloligundua ni la kweli. Msitu wa Rondo una Wakala wa Huduma za Misitu. Bahari ya Mnazi Bay na mlango wa Ruvuma ina hifadhi yake tangu 2000. Mikoko yote ya pwani ni ya serikali kuu. Vikubwa vina wenyewe. Vinavyopotea ni vidogo vilivyo katikati: uwanja, njia ya kushukia baharini, kichaka cha matambiko, makaburi ya zamani, kisima cha wote. Hivyo havina pa kushtaki.

Mkitaka kupeleka pendekezo kwa madiwani na wabunge wenu, ningeliandika hivi. Mfuko wa pamoja wa halmashauri za Mtwara na Lindi, wenye uwezo wa kununua kwa hiari na kupokea ardhi ya wakfu au ya zawadi. Mwenye shamba lenye chemchemi alipwe ili asijenge wala asifyeke, shamba likibaki lake, na sharti hilo lisajiliwe pamoja na hati yake ili hata akiuza, mnunuzi alikute. Mfuko usipewe kutwaa. Na ardhi ikishaingia humo isitoke bila mkutano wa wakazi wa eneo husika kuridhia na baraza zima la madiwani kupiga kura hadharani. Hilo la mwisho likitolewa kwenye rasimu, mimi ningewashauri muiache rasimu yote. Sina maneno laini zaidi ya hayo.

Lakini hilo ni la miaka. Rangi nyekundu iko kiwanjani leo.

Nenda ofisi ya mipangomiji ya manispaa, uombe kwa barua kuona mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa wa eneo lenu. Usiridhike na kuambiwa kwa mdomo. Kuna mambo mawili yanayowezekana. Kama mchoro unaonyesha hapo ni eneo la wazi au uwanja wa michezo, basi kukata viwanja ni kubadili matumizi, na mchoro ulioidhinishwa haubadilishwi kwa ndoo ya rangi. Kuna utaratibu wa maombi, wa kuwapa taarifa wenye kuathirika na kupokea pingamizi, na kibali cha juu. Andikeni pingamizi mapema, mkiambatanisha muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Palepale ombeni manispaa ikamilishe upimaji na kuchukua hati ya kiwanja, matumizi yakiandikwa wazi. Eneo la wazi lisilo na hati ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, kila mtu anaweza kudai umri wake.

Kama mchoro haupo kabisa, yaani eneo halijapangwa, msikate tamaa. Hapo mlango ni urasimishaji, yaani kuyapanga na kuyapima makazi yaliyojengwa bila mpango. Mtaa ukiingia kwenye urasimishaji wa makazi, wananchi wenyewe ndio wanaokaa na mpangaji kukubaliana barabara zipite wapi na nini kibaki wazi. Muwe wa kwanza kulitaja jina la uwanja kwenye kikao cha kwanza. Ukitajwa kwenye kikao cha tatu, mara nyingi umeshapata mwenyewe.

Tafuteni pia bikoni. Kama eneo liliwahi kupimwa, kuna vigingi vya zege vyenye chuma katikati kwenye kona. Mwaka mmoja nilitafuta vigingi vinne vya eneo la wazi kwenye mtaa mmoja wa Mtwara mjini. Vitatu vilikuwa vimeng'olewa. Cha nne nilikikuta chini ya meza ya mama anayekaanga mandazi, amekigeuza kigoda cha kuwekea sufuria ya mafuta, namba bado inasomeka ukifuta masizi. Mama yule alikuwa amekikuta pale na hakukisogeza hata inchi. Kona ile moja, pamoja na mchoro, ilitosha kwa mpimaji kurudisha nyingine tatu. Kwa hiyo waambie watoto wasing'oe kitu chochote cha zege pembeni mwa uwanja, na pigeni picha kila mtakachokiona.

Na njia yenu ya kushukia baharini, kama nayo inawatia wasiwasi, ina kinga ya ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hiyo ipo hata bila mchoro wa mipangomiji, na afisa mazingira wa manispaa ndiye wa kupelekewa.

Ukishapata nakala ya mchoro, nipigie picha ya pembe ya chini yenye kisanduku cha maelezo. Hapo ndipo huwa panaandikwa namba ya mchoro, tarehe ya kuidhinishwa na sahihi. Nikiviona hivyo vitatu nitakuambia barua ya pingamizi ianzie wapi.